Mkamwana Hataki Nimfukuze Fundi Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usivimbe kichwa kwa sababu mtu wa umri wangu amekuomba, maana mimi shule niliishia darasa la tatu lakini kiwanda nimekijenga kwa mikono hii, kiwanda kidogo cha vitanda vya mbwa na mito ya paka, na wale walionicheka wakiuliza tangu lini mbwa akatandikiwa, leo wananiletea wajukuu wao niwape kazi.

Sasa sikia. Mwanangu wa pili ameoa mhasibu. Mkamwana mzuri, ana heshima, ila ana ugonjwa wa hesabu. Alipoingia kiwandani tu akaanza na viwango vyake, eti kitanda kimoja kitumie kitambaa kiasi gani, kwa bei gani, kikae kwenye cherehani muda gani, na kila mwezi ukiisha anaweka tulichopanga huku na tulichotumia kule, kinachopishana anakiita tofauti. Tofauti ikiwa nzuri tunacheka, ikiwa mbaya ananiita ofisini. Mimi! Kwenye ofisi yangu!

Mwezi uliopita nilipata muuzaji mpya wa kitambaa, nikambana bei mpaka akaniuliza kama mimi ni mtu au koleo. Mkamwana mwenyewe akasema, "Mama, tofauti ya bei ni nzuri sana," nami nikatembea kiwandani kama bibi harusi. Mwezi ukaisha, akaja uso umemshuka. "Mama, ulichookoa kwenye bei kimeliwa kwenye matumizi, na zaidi. Kila kitanda kinakula kitambaa kingi kuliko kiwango."

Kinaliwa na nani? Anayekata ni mmoja, fundi tunayemwita Mkasi, niliyeanza naye tukiwa na cherehani moja chini ya paa linalovuja. Nikamfuata mezani kwake, mbele ya mafundi wote, nikamwambia ama anaharibu ama anaiba. Hakupandisha hata sauti. "Mama Mkubwa, hiki kitambaa upana wake ni mdogo. Cha zamani nilikuwa nalaza vipande viwili ubavu kwa ubavu. Hiki kinalaza kimoja, pembeni panabaki vitambara. Kitambaa hakinyooshwi kwa matusi."

Mafundi kicheko! Nikamwambia basi akate vitanda vidogo. Akakata, wakashona kimoja, tukamwita mbwa wa mlinzi, maana yeye ndiye mjaribu wetu. Akapanda, kichwa ndani, makalio nje, akanitazama kama ananidai. Kicheko kikaja upya, hata mlinzi, anayekula mshahara wangu, alikaa chini kabisa kwa kucheka. Hapo ndipo nilipoapa kwamba Ijumaa Mkasi anaondoka.

Sasa mkamwana anasema fundi hana kosa, tofauti zote mbili, ile nzuri na ile mbaya, ni zangu mimi, na Mkasi akitoka na yeye anatoka. Mtu mmoja atapongezwaje na kulaumiwa kwa jora lile lile la kitambaa? Nimemuuliza mwanangu, anajibu, "Mama, mimi nakula kwenu wote wawili, msiniingize." Mwanaume mzima! Na Mkasi bado ananiamkia kila asubuhi kama kawaida, na hilo ndilo linalonikosesha raha. Nifanye nini huyu binti aache ubishi, na neno langu lisianguke? Jibu upesi, na usiniletee maneno ya vitabuni.

Mimi, Mwenye Kiwanda

JIBU

Shikamoo, Mama. Nimecheka mpaka mhariri amekuja kuuliza kuna nini huku. Pole kwa kuchekwa na watu unaowalipa mwenyewe, najua inauma. Pole yangu inaishia hapo.

Mama, bei unajua kuibana, lakini upana hukuuliza. Ulibishania bei ya urefu, mita kwa mita, na upana ukabaki kwa muuzaji. Rahisi ghali, hilo hulijui? Halafu ukachukua sifa za kununua, ukamwachia fundi aibu ya kukata. Hizo tofauti mbili ni mapacha, zimezaliwa na jora moja. Huwezi kumbeba mmoja mgongoni na kumtupa mwenzake mlangoni kwa jirani.

Na huyo mkamwana unataka nikusaidie kumnyamazisha? Sifanyi. Mtu anayekwambia ukweli na bado anakuita Mama, wenzako wanamtafuta kwa tochi. Siku akianza kukuitikia "sawa, Mama" kwa kila jambo, siku hiyo ndiyo ushtuke.

Unaogopa neno lako lianguke. Liache lianguke, ni kiapo cha hasira, hakitamvunja mtu mguu. Lakini umemwita mwizi mtu mliyevujiwa naye na paa moja, na bado anakuamkia. Hilo, Mama, si suala la hesabu tena.

Kwa hiyo usisubiri Ijumaa. Kesho asubuhi nenda mezani kwa Mkasi mafundi wote wakiwepo. Ulimchafua mbele yao, msafishe mbele yao, usimwite pembeni ukamnong'oneze. Mwambie, "Hukuiba, mimi nilinunua vibaya," kisha unyamaze, ingawa najua kunyamaza kwako ni kazi ngumu kuliko kushona. Kitambaa kilichobaki kikatwe mito ya paka, paka hana makuu, na Mkasi ndiye apange atakavyokilaza. Vitanda virudi ukubwa wake kabla wateja hawajaona alichokiona mbwa wa mlinzi. Ukienda tena kununua, nenda na Mkasi: wewe ubane bei, yeye apime upana, na mkamwana apige hesabu kabla hujatoa hela.

Na Ijumaa ikifika, ukiona bado mkono unakuwasha kumfukuza mtu, mfukuze yule muuzaji.