Vigae vya Chumba cha Maziwa

KITUO CHA POLISI, HARROWCLOUGH
Maelezo ya Fergal McGlinchey, miaka 46, kibarua wa ujenzi, mzaliwa wa Donegal, Ayalandi. Amepanga chumba Mtaa wa Foundry, namba 9.

Mnamo tarehe 8 Machi 1983, saa mbili asubuhi, nilifika shambani kwa Bwana Clive Hathersage, mtunzi wa nyimbo za roki na mtayarishaji wa rekodi. Mwenyewe alikuwa London. Mkewe alinionyesha chumba cha zamani cha kuhifadhia maziwa, kuta zote vigae vyeupe hadi darini, hakina hata kiti. Akasema, "Kaka, hiki kinanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Ng'oa vigae vyote, upige plasta."

Nikang'oa, nikapiga plasta. Siku tatu nzima. Sikuona maikrofoni wala waya. Lingekuwapo hata gitaa moja ningeuliza.

Leo tarehe 11, saa tisa alasiri, Bwana Hathersage alirudi. Alisimama katikati ya chumba, akapiga makofi mara moja, akasikiliza. Akapiga tena. Kisha akaketi juu ya mfuko wa saruji.

Nikamwambia, "Mzee, utachafuka."

Akasema, "Miaka kumi na minane kila mwimbaji wangu amesimama hapo ulipo. Mwangwi wa vigae vya chumba hiki ndio kazi yangu. Unadhani wananifuata kwa uzuri wa sura?"

Alisema Jumatatu inakuja bendi, albamu ya kwanza kupewa baada ya miaka minne.

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukumwambia mkeo?"

Mkewe akajibu kutoka mlangoni, "Aniambie lini? Mimi nilidhani anaingia humo kunikimbia."

Ndipo Bwana Hathersage akaniita mharibifu, akapiga simu kwenu, akanifuata hadi hapa kituoni. Msimamizi wangu ameshasema nikishtakiwa nisirudi kazini. Nimechoka, Konstebo. Miaka ishirini nabeba matofali ya nchi hii; ukiambiwa bomoa, unabomoa. Mwangwi hauonekani. Ningeuliza habari zake kwa nani?

Hata sasa namsikia kwenye korido yenu ya mahabusu, anapiga makofi. Na huko kuna vigae.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo, sina la kuongeza.

Sahihi: F. McGlinchey

Maelezo yamesomwa kwa mtuhumiwa, ameyakubali. Mlalamikaji ameonywa mara mbili aache makofi. Saa kumi na moja na nusu jioni amefuta malalamiko, akauliza kama korido inaazimwa Jumatatu. Nimemjibu kuwa Jumatatu huwa tuna walevi wa Jumapili. Amesema hawatamsumbua. Mtuhumiwa ameruhusiwa kwenda.

Konstebo A. Threlfall, Na. 412