Ndiyo, Mwalimu

Jumatano usiku

Koo linaniuma, na sijui nimefundisha nini. Jioni nzima nimewaeleza hawa watu wazima tofauti ya "borrow" na "lend": moja ni kuchukua kwa mwenzio kitu cha kurudisha, nyingine ni kumpa. Mmeelewa? "Ndiyo, mwalimu!" wote kwa pamoja, mpaka mabati yakatetemeka.

Nikamsimamisha Halima peke yake anieleze tofauti hiyo. Akatazama sakafu. Nikamgeukia Komora, naye akacheka tu.

Jumatatu wana intavyu za kazi kwa Kiingereza hapa Garsen, na kila mtu ataingia peke yake. Huko nani ataitikia pamoja naye?

Nikalirudia somo lote kwa hasira, nikauliza tena, mmeelewa? Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote ni mama mmoja wa kijiji cha Minjila, ambaye ndio kwanza alikuwa anafika, anavua viatu mlangoni.