Mama Zawadi, Hukutupa Kidonge Hata Kimoja

Mke wangu Mama Zawadi,

Habari za huko Ulemo kwa kaka yako? Huku Itigi wote wazima. Zawadi amerudi bwenini salama, nyuki wazima, wateja wa asali wazima. Mgonjwa ni mimi, naumwa hasira, na dawa yake hakuna duka linalouza. Simu yako umezima. Ya kaka yako nikipiga, anasema "mdogo wangu anapumzika," anakata. Basi nimeandika, na bahasha sijaifunga kwa makusudi. Shikamoo shemeji, najua unasoma wewe kwanza. Soma. Soma kwa sauti, hata mkeo asikie, maana humu ndani kuna jambo ambalo haliwezi kungoja mpaka tupatane.

Mama Zawadi, unanijua. Mimi nimefika Kigoma, nimefika Tunduma, Lubumbashi nimelala siku tisa na polisi wa kule walinisalimia kwa jina. Darasa la sita niliacha kwa hiari yangu, mwalimu alikuwa ameishiwa. Mtu wa namna hiyo atashindwa na vidonge vinne? Ndivyo nilivyodhani.

Unakumbuka asubuhi ile ya kwanza baada ya kutolewa rovu? Shingo imefungwa kitambaa, sauti imekauka, na bado ulinicheka nilipomwaga uji. Hospitali walikuwa wamekupa kile kidonge cheupe, kidogo kama punje ya mtama, cha kufanya kazi ya tezi waliyoitoa, pamoja na vya kalsiamu. Zahanati wakaongeza vya damu, vile vyekundu, kwa sababu ulikuwa umepauka. Mimi nikanunua ya kiungulia dukani, ile ya kutafuna, maana mume mwema hakai bure. Kila dawa ilitoka mkono wake, na hakuna mkono uliouliza mwenzake umetoa nini.

Ndipo nikabuni treni. Nilijisifu nayo mpaka stesheni! Kidonge cheupe mbele ya kisosi kama injini, nyuma yake mabehewa matatu, safari moja, uji wa ulezi unafuata. Uliniuliza, "Baba Zawadi, si wangetuambia kama ni vya pamoja?" Nikakujibu, "Tumbo ni moja, mama. Halafu dawa haimezwi na njaa, hata Kongo wanajua." Ukameza. Kila siku ulimeza, nami nimesimama pale kama mkaguzi wa tiketi.

Kisha ukaanza kupoa. Saa saba mchana, jua la Itigi linapasua mawe, wewe umevaa sweta. Uso ukavimba, ngozi ikakauka, mlenda ukausahau jikoni ukaungua na sufuria yake. Na mimi, badala ya kuogopa, nikatania. Mbele ya wateja nikasema, "Jamani, nimeoa kobe. Nikimtuma sokoni mwezi huu, anarudi mwezi ujao." Walicheka. Wewe ulishika mlango, ukatazama chini, ukaniambia taratibu, "Mimi si mvivu. Mwili haunisikii."

Kliniki daktari aliangalia majibu ya damu, akauliza, "Anameza kila siku?" Nikajipiga kifua: "Daktari, namsimamia mwenyewe!" Akapandisha dozi. Safari ya pili akapandisha tena. Hakuna kitu. Ya tatu akakutazama wewe, akasema labda kuna siku unaruka. Maneno yale yaliniingia vibaya. Kufika nyumbani nikainua godoro, nikaenda kumulika chooni kwa tochi nikitafuta vidonge, halafu nikakuuliza unavitupa wapi. Ulisema, "Nameza mbele ya macho yako, halafu unaniita mwongo." Kesho yake ukapanda basi, kopo la dawa mkononi.

Juzi nimekwenda kliniki na kadi yako, kuuliza kama naweza kukutumia dawa zaidi. Nikamsimulia mama anayegawa dawa pale dirishani habari za treni yangu. Nilidhani atanipongeza.

"Ngoja, baba. Vyote kwa pamoja?"

"Kwa pamoja. Na uji."

Akashika kichwa. "Mtoto wa watu anameza, ila hapati!"

Kumbe vile vya damu, vya kalsiamu na ile ya kiungulia vinakinasa kile cheupe humo humo tumboni, kisipenye kuingia kwenye damu. Chakula nacho kinakipunguza. Kwa hiyo vidonge kweli vilikuwa vinaishia chooni, ila vilipita kwanza kwako. Nilimulika shimo nikamwacha anayestahili kumulikwa amesimama ameshika tochi.

Nina hasira, mke wangu. Wanauliza "anameza?" hawaulizi "anameza na nini?" Karatasi ya ndani ya boksi ni Kiingereza kitupu, herufi za sisimizi. Lakini kwenye foleni ya kulaumiwa wa mbele ni mimi. Wewe uliuliza swali zuri, nikakujibu kwa Kongo.

Sasa shika haya. Kidonge cheupe ni asubuhi, tumbo tupu, peke yake, kwa maji tu. Uji usubiri nusu saa, ikiwezekana saa nzima. Vile vingine visikikaribie kabla ya masaa manne kupita. Na kuna hili linalonikosesha raha: dozi yako imepandishwa mara mbili kwa ajili ya ujinga wangu. Kikianza kupenya chote kinaweza kukuzidi, moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka. Usikipunguze mwenyewe, wala usikiache. Nenda kliniki wiki hii hii, waeleze ulivyokuwa unameza na unavyomeza sasa, dozi waamue wao, na wakwambie siku ya kurudi kupima damu. Shemeji, nakuomba, mpakie kwenye pikipiki yako umpeleke. Kunichukia, utanichukia ukisharudi.

Jana nilisimama kibandani, wateja wale wale wapo, nikawaambia, "Mke wangu alikuwa anaumwa kweli, na aliyemzidishia ni mimi." Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akafunika dumu lake la asali, akasema, "Sasa unatuambia sisi ili iweje? Mwambie yeye."

Basi nakwambia. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza. Nisamehe.

Kurudi sikuombi kwenye karatasi, hilo nitakuja kuliomba kwa miguu yangu, nikikaribishwa. Kasirika, una haki, tena kasirika ukiwa na nguvu zako zote. Ila usianze na kunijibu. Kesho ukiamka, kabla hujasema neno na mtu yeyote, meza kile kimoja kwa maji.

Mumeo,
Baba Zawadi