Chai ya Wageni Ndani ya Sanduku la Gaspari

Jumamosi, 12 Aprili 1975. Mvua tangu alfajiri, ukungu umeshuka mlimani mpaka mlangoni. Nimeudhika, na humu daftarini sina wa kumficha.

Kaka yangu Gaspari ni mjinga. Nimelipima neno hilo kabla ya kuliandika.

Alikuja likizo kutoka Dar, anakofanya kazi hotelini, akaleta boksi la chai ya vifuko, vile vyenye uzi. Duka la kijiji halijaona majani ya chai tangu Krismasi. Mama ndiyo kwanza anainuka kutoka malaria, chakula kinamshinda, na kitu pekee alichoomba ni kikombe cha chai.

Gaspari akasema hiyo ni ya wageni. Mjomba wa mchumba wake angekuja kutoka Mlali kuiona nyumba yetu, na sharti auone ule uzi ukining'inia kikombeni. Akalifungua boksi kuwaonyesha majirani, kisha akalifungia kwenye sanduku lake la bati, katikati ya mashati na sabuni za kunukia.

Nilimwambia. Chai hunyonya kila harufu iliyo jirani yake, na masika haya hata kiberiti kinalowa ndani ya nyumba. Nikampa kopo la maziwa ya unga, kavu, lenye mfuniko unaobana, aliweke mbali na moshi na vitunguu.

Akacheka. "Mwalimu, kumbe sekondari mlikuwa mnasomea makopo?"

Mtu anayewabebea wenzake chai kila siku, hajui inavyotunzwa.

Mama akaendelea kunywa maji ya moto.

Leo mjomba amekuja. Mama alikuwa amelala chumbani. Gaspari alitumbukiza vifuko mwenyewe, taratibu, kama padri altareni. Harufu ya sabuni ikajaa sebule nzima. Mzee akanywa funda moja, akakitazama kikombe.

"Bwana Gaspari," akasema kwa upole, "na taulo utatuletea?"

Nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta. Sijutii.

Mgeni alipoondoka, Gaspari alilisukuma boksi upande wangu bila kunitazama. "Mpe mama. Si alikuwa anaililia?"

Yaani kilichomshinda mgeni ndicho kinachomtosha mama.

Nilitaka kulitupa matopeni. Lakini mama alikuwa ameamka, amelisikia neno chai, ameshajikalisha kitandani akisubiri. Nikampelekea. Akanywa polepole, kikombe kizima, kitu cha kwanza kukimaliza tangu augue.

"Kumbe chai ya Dar inanukia maua," akasema. "Kaka yako hakunisahau."

Kwenye rozari ya jioni alimtaja Gaspari kwa jina, apate mke mwema. Niliitikia amina huku nimeuma meno.

Ameomba kingine kesho asubuhi. Nikimwambia maua hayo ni sabuni, nitakuwa nimemkomoa Gaspari, au nimemnyang'anya mama?