Kichwa Kikavu

11 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nililelewa vizuri, si kwa sababu leo unastahili. Na ninakuandikia barua kwa kuwa kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Mgongo wangu unaendelea vizuri, ahsante kwa kutouliza. Shemeji yako mzima, watoto wazima. Mgonjwa hapa nyumbani ni kichwa changu, na aliyekiharibu ni wewe.

Nilipokuja kwako mwezi uliopita ulinitia rangi ya asali, ukanizungusha kwenye kiti cha saluni mbele ya wateja wako: "Mwoneni mdogo wangu, kapungua miaka kumi!" Nikafurahi kama mtoto. Dada, asali imekuwa kijani. Sikutanii. Juu ya masikio na hapa mbele kwenye paji la uso nina kijani cha bomba bovu. Nywele zilizobaki zimekauka, nikipitisha kitana zinakatika na kubaki mkononi. Jana nimepiga magoti kumpima mteja pindo la gauni, akaniuliza kutoka juu kama hiyo ndiyo fasheni ya sasa. Bahati yake nilikuwa na pini mdomoni.

Najua utasema sikufuata maelekezo. Nimeyafuata yote. Ulinishika bega mlangoni ukaniambia kama unavyowaambia wote: "Wiki ya kwanza usikiloweshe kichwa, hata kidogo." Basi kila asubuhi nilipokwenda bwawani kuogelea nilizifunga nywele zikiwa kavu kabisa kwenye mfuko wa nailoni, nikakaza kofia juu yake, nikaingia. Maji yakipenya, nilizikausha kwa taulo na sikuziosha, kama ulivyosema. Sasa niambie nilikosea wapi. Ulinipaka nini?

Mdogo wako mwenye kichwa cha kijani


19 Februari

Kwako Kisirani,

Marahaba. Mimi nilikuwa mzima mpaka barua yako ilipofika. Nimeisoma mbele ya wateja, presha ikapanda, ikabidi mmoja aninunulie maji.

Bwawani? Bwawa gani? Umekaa kwenye kiti changu asubuhi nzima, tumemsema kila ndugu tuliye naye, na hukufungua mdomo kuniambia kwamba unaogelea. Sasa unaniuliza nilikupaka nini! Nilikupaka rangi, Kisirani. Nywele nyeusi haziwi za asali kwa kubembelezwa. Kwanza weusi unachomwa kwa blichi, na unywele uliopita kwenye blichi una kiu, unakunywa chochote kinachokuja. Wewe ukaupeleka mkavu ukanywe klorini na uchafu wa mabomba yao, halafu ukaulaza hivyo hivyo wiki nzima. Kitambaa cha mteja kikimwagikiwa dawa ya kung'arisha nguo, wewe unakikunja na kukiweka kabatini?

Niliposema usikiloweshe nilimaanisha mvua na kuoga. Tangu nishike kitana hakuna mwanamke aliyeinuka kwenye kiti changu akaenda kujitosa. Mwanamke aliyependeza hukaa pembeni mwa maji akashika taulo za watu. Mama alitulea hivyo na vichwa vyetu havikuwahi kuwa kijani.

Dawa yako ni moja. Achana na hayo maji, punguza ncha, tulia miezi michache, uje nikurudishie rangi. Na mtu akikuuliza nani alikutengeneza, usinitaje.

Dada yako


27 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Sijui kama wewe mzima, na leo sitauliza.

Sikukuambia naogelea kwa sababu nilijua utasema hayo hayo uliyoyasema. Umesahau nilivyokuwa mwaka jana? Nusu saa kwenye cherehani ilikuwa inanimaliza. Shemeji yako alikuwa ananifunga kamba za viatu kama mtoto wa chekechea. Daktari wa viungo ndiye aliyenitia majini, na maji ndiyo yaliyonirudisha kwenye cherehani yangu, si vidonge, wala dua zako. Mle ndani sina mgongo, Dada. Nalala chali, masikio yanazama, dunia nzima inanyamaza, na hakuna kinachoniuma.

Wewe unaniambia habari za mwanamke aliyependeza! Utotoni hao kaka zetu walirukia majini wakipiga mayowe mpaka jua likachwa, mimi nimekaa juani na kichwa kilichosukwa, nimewashikia taulo. Nikigusa maji tu, Mama ananifinya. Taulo zile zina hasira yangu mpaka leo, nawe unanipa nyingine nishike.

Lakini haya, umeshinda. Wateja wananitazama kichwani kabla hawajanitazama usoni. Shemeji yako anakodoa macho akidhani simwoni. Nimejifunga kilemba mpaka ngozi inawasha, na tangu Jumatatu sijakanyaga bwawani. Furahi. Usiniandikie mpaka nipoe.

Mdogo wako


2 Mei

Kwako Kisirani,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Nimenyamaza kama ulivyotaka, nikadhani unazikuza nywele kwa raha zako. Jana shemeji kanipigia simu kwa kunong'ona kama mwizi. Kasema unalala sakafuni kwenye godoro. Kasema kwenda chooni ni mpaka akushike mkono. Kasema cherehani umeifunika shuka, na kwamba ulimkataza kuniambia.

Una wazimu? Nilikuambia uache maji, sikukuambia uache kutembea! Hivi mimi nikisema jambo moja kwa hasira ndiyo unalishika kama hati ya mahakama? Maisha yako yote hujawahi kunitii, umechagua siku hii moja! Leo nimemkwaruza mteja sikio kwa kitana, kwa hasira ulizonitia.

Nimempigia fundi mwenzangu ambaye saluni yake inatazamana na bwawa la huku kwetu. Simpendi, unamjua vile anavyojisikia, lakini nimemeza kiburi nikamuuliza. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe ni kinyume cha yote niliyokuambia. Kichwa kinaloweshwa. Kabla hujaingia unasimama kwenye bomba la maji safi, unaziacha nywele zinywe mpaka zishibe, maana zikishiba maji safi klorini inakosa pa kukaa. Kisha unapaka kondishena kuanzia katikati mpaka kwenye ncha, usiionee huruma, unazikunja, unavaa kofia ya mpira inayobana. Si huo mfuko wako wa vitunguu. Ukitoka usisimame kupiga soga, unakwenda bombani pale pale unaziosha. Mara moja kwa wiki tumia shampuu ya waogeleaji. Kijani kilichopo suuza kwa siki iliyozimuliwa kwa maji mengi. Na rangi mpya ikitiwa, bwawa linasubiri wiki nzima kwanza, na hilo ndilo ningekuambia mlangoni kama mmoja wetu angekuwa na akili.

Nimekutumia kifurushi, kila kitu kimo. Rudi majini.

Dada yako


10 Mei

Kwako Dada,

Shikamoo. Kifurushi kimefika salama. Kofia ni nzuri. Siendi.

Barua hii ananiandikia shemeji yako, kwa hiyo ukiona adabu mahali popote, ni yake. Unanipa maelekezo kwa uhakika ule ule ulionipa mlangoni mara ya kwanza, na wewe mwenyewe maji hayajawahi kukupita vifundo vya miguu. Ulisikia kwa fundi mwenzako, yeye alisikia kwa nani? Kichwa cha majaribio ni changu tu? Hicho chako kimepakwa rangi ya damu ya mzee, kinameremeta, na wingu likipita tu unakimbilia mfuko wa nailoni.

Wiki hii nimemrudishia mteja kitambaa chake cha harusi kikiwa hakijakatwa. Alinishukuru kwa huruma, Dada. Sijawahi kuonewa huruma na mteja. Nikirudi majini nikashindwa hata kuelea, nitabaki na nini? Sasa hivi angalau naweza kusema kinachonizuia ni nywele.

Kama unayaamini maneno yako, ingia wewe kwanza.

Mdogo wako


3 Juni

Kwako Kisirani,

Mimi mzima, na nimeloa.

Nilinunua nguo ya kuogelea. Aliyeibuni hajawahi kuona mwanamke mwenye makalio. Asubuhi moja kabla ya kufungua saluni nikaenda bwawani, nikasimama bombani, nikakilowesha kichwa changu kwa mkono wangu mwenyewe. Mkono huu umetumia maisha yake kuvikinga vichwa vya watu na maji. Nikapaka kondishena, nikavaa kofia, nikashuka ngazi nimeng'ang'ania ukingo huku nikikutukana wewe. Mwalimu wao wa kuogelea, mama mtu mzima kuliko mimi, akanishika chini ya mgongo akaniambia nilale. Nikalala. Masikio yakazama.

Kisirani, nimekasirika kuliko siku zote nilizowahi kukukasirikia. Hukuniambia ni hivi! Umejua mwaka mzima, ukanyamaza, ukaniacha huku nje na kichwa changu kikavu. Nililia mle mle, na kwa kuwa uso ulikuwa umeloa, sikuulizwa kitu. Wewe unalilia taulo za kaka zetu? Mimi nilianza kuzishika kabla hujazaliwa, na nikaja kukufundisha wewe kuzikunja. Sijui nimkasirikie nani. Mama hayupo. Umebaki wewe.

Tangu siku ile naenda kila asubuhi. Bado nameza maji, lakini naelea. Nywele ni damu ya mzee vile vile. Nimekata kishungi nikakibandika hapa chini, kiangalie kwenye mwanga wa dirisha kama unavyoangalia vitambaa vyako, halafu uniite mwongo.

Jana mteja kainuka kitini kapendeza, nikamsindikiza, nikamshika bega pale mlangoni, maneno yale yakawa tayari mdomoni. Nikamuuliza, "Wewe unaogelea?" Akacheka: "Na hizi nywele?" Nikamrudisha kitini nikamweleza yote, wa foleni wakanuna, wanune.

Jumapili nakuja na basi la kwanza. Umwambie huyo daktari wako wa viungo ajiandae. Unaogopa utazama? Nitakushika chini ya mgongo mimi mwenyewe, nimeona wanavyofanya. Ukinikatalia nitakuburuta na hilo godoro mpaka ukingoni, unanijua.

Kofia ninazo. Taulo atashika shemeji.

Dada yako