Ulichokichora Ndani ya Sanduku

Baba,

Nimeduwaa. Leo nimelitoa kabatini lile sanduku la mbao ulilokuwa ukilifunika kwa shuka, na nimechungulia.

Unaikumbuka ile picha ya mji wa Kiholanzi uliyokuwa ukiilinda kule makumbusho? Ndogo, upana wake hauzidi rula ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na miwili uliponipeleka kuiona, nami nikacheka. Udi wa muuza ala za muziki mkubwa kuliko nyumba, kanisa kama kiberiti, barabara imepinda huku na huku. Nikakwambia kwa Kiingereza kwamba mtu huyu hajui kuchora. Ukanijibu, "Usiitie ila picha, mwanangu. Weye ndiye uliyesimama sipo." Ukaeleza kwamba huenda aliichora ili ikunjwe ndani ya sanduku na itazamwe kwa jicho moja kupitia tundu, hapo ndipo mji unaponyooka. Sikukusikiliza. Nilitaka chipsi.

Kumbe na wewe ulitengeneza lako. Nilipolitazama kwa juu niliona bati lililokunjwa nusu duara, nyumba zimelala ubavu, nikadhani ni Wete, mji wako kule Pemba. Nikaogopa. Maana lazima nikwambie, Baba: ulipofariki, Ami Seif alitaka usafirishwe ukazikwe Pemba. Mimi nikakataa, nikakuzika hapa Landani kesho yake. Akanambia kwenye simu, "Umemtupa ndugu yangu ugenini." Mwezi wa saba huu hapokei simu yangu, na mimi mwenyewe nilishaanza kuamini kwamba amesema kweli.

Nikaligeuzia dirishani, nikafumba jicho moja, jingine nikalitia tunduni.

Si Wete. Ni mtaa wetu, hapa hapa Edmonton, Landani. Basi jekundu limesimama mbele ya duka la nyama. Lami imelowa, umeitia nukta nyeupe ndogondogo mpaka nimehisi baridi ya mvua. Rangi ya ukuta wetu umeichanganya na mchanga, nuru inaushika kama tofali la kweli. Na mlangoni nimesimama mimi, na sweta langu la shule, mikono kiunoni. Nilipiga ukelele peke yangu jikoni.

Chini ya sanduku umeandika kwa penseli: Kwetu. Neno ambalo hukuwahi kulitamka ila ukiitaja Pemba. Mbona hukunambia? Nimekukasirikia na nimefarijika, vyote kwa pamoja, na sijui nianze na lipi.

Pumzika, Baba. Kutoka mlango ule mpaka kaburini kwako ni basi moja tu, na Ijumaa nitakuja kukusomea. Kisha nitakata tiketi, nilibebe sanduku hili mpaka Pemba kwa Ami. Asiponifungulia, nitakaa barazani kwake mpaka akubali kufumba jicho moja.

Mwanao,
Salma