Yankho Anataka Kwenda Mzuzu

Shangazi Tamandani, nakuandikia kwa sababu hapa kwangu Limbe sina tena wa kunisikiliza. Mwanangu Yankho alipokuwa na miaka saba taya lilimvimba, wakatuambia ni saratani, tukahamia wodi ya watoto kule Blantyre, na leo ni kijana wa miaka ishirini na moja, mzima kabisa, lakini mimi, Mungu anisamehe, siku zile nazikumbuka kwa hamu, tulivyokuwa akina mama tukipika nsima, ugali wetu, pamoja nyuma ya wodi na kugawana vidagaa vya usipa, na Yankho na kichwa chake kisicho na unywele akimwambia nesi, "Sista, leo anza kumchoma mama sindano, mimi nitaangalia," wodi nzima inacheka, kisha akilala ananishika kidole, haniachii. Basi ugonjwa ukamchelewesha masomo, darasani wakamwita "mjomba", akavumilia, akamaliza, na sasa amepata nafasi chuo cha ufundi Mzuzu kujifunza kutengeneza mafriji, nami nimemkatalia, nikamwambia abaki tuuze nyanya sokoni, maana kule kaskazini ni mbali, kuna baridi, na homa ikimpanda nani atajua? Akanitazama, akasema, "Mama, mimi nilishatoka wodini. Aliyebaki ni wewe." Tangu hapo anakula peke yake. Shangazi, nimekosea kumpenda?

Mama Yankho, Limbe

Mama Yankho, nimekulilia kidogo, nimenawa uso, sasa tuongee. Kumpenda hujakosea hata kidogo. Lakini unaukumbuka mkono mdogo uliokushika kidole, na mwenye mkono huo siku hizi ananyoa ndevu! Darasani alivumilia kuitwa mjomba, leo wewe umfungie kwenye meza ya nyanya? Acha hiyo, dada yangu. Hasira yake ni haki yake.

Hofu yako nayo si upuuzi. Kabla hajasafiri, nendeni wote kliniki akapimwe, na yeye mwenyewe ndiye aongee na daktari, wewe kaa kimya. Aombe maelezo ya dawa alizopewa utotoni, ayabebe. Aulize hospitali ya kwenda akiwa Mzuzu. Chuoni wa kuambiwa habari za ugonjwa wake atamchagua yeye, si wewe. Na usimpigie simu kila asubuhi kumuuliza kama ana homa. Muulize amejifunza nini.

Wale akina mama uliopika nao, watafute. Wapo, na wengine wana hamu kama yako.

Leo jioni mpelekee chakula, ukae ule naye, umwambie: "Nenda." Siku ya safari mfungie mandazi, umsindikize hadi stendi, begi abebe mwenyewe. Ukitaka kulia, lia basi likishaondoka.